Kuku Kaburini kwa Bibi

Twyla, acha hayo unayofanya usome.

Unajua leo ndiyo Jumapili yetu ya makaburi kule hifadhi ya mtoni, ile ya kusafisha makaburi ya ukoo na kula papo hapo. Nimemaliza kung'oa magugu kaburini kwa bibi, nimetandika kitambaa, nimekaa zangu nakula kuku.

Akaja muongoza watalii mpya wa hifadhi, Brantley, na wageni waliotoka kwenye mitumbwi, majaketi ya maboya bado mwilini. Anawaambia, "Ukoo wa Tackett uliisha wote. Hakuna aliyebaki."

HAKUNA ALIYEBAKI! Na mimi nipo hapo, paja la kuku mkononi!

Nikasimama. "Mimi ni Tackett. Na huyo unayemkanyaga ni bibi yangu."

Aliruka huyo!

Halafu bila haya: "Samahani mama, hapa ni mahali pa kihistoria. Chakula ni kule kwenye meza, karibu na mitumbwi."

Hakuna aliyebaki, halafu eti nihame!

Mwenzangu, sisi tumekuwa tukila pale kila Mei tangu kabla hiyo hifadhi haijazaliwa. Nikakaa tena, nikawapakulia wageni wake. Wakala!

Akaniuliza nitaondoka saa ngapi.

Nikamwambia, "Bibi yuko hapa tangu 1931. Siku akiondoka yeye, nami nitakunja kitambaa."