Nimeandika Imeili kwa Jina Lako, Mtani

Katindiuka, Jumapili baada ya misa

Mtani wangu Kaspari, Mngoni uliyekuja kujenga reli ukasahau kurudi kwenu,

Sikupi shikamoo. Nilikuzidi umri ulipokuwa unapumua, na kutangulia kufa hakukufanyi mkubwa. Lakini leo nimevua kofia kabla ya kushika kalamu, na unajua kofia yangu ilivyo ngumu kutoka, hata kanisani mpaka padre anikoholee. Nina aibu, Kaspari. Nina aibu hata ya kupita karibu na kaburi lako. Siku hizi nikienda dukani nazungukia kwa akina mama wauza samaki, njia ndefu, na miguu yenyewe ndiyo hii unayoijua.

Ngoja nianze na mazuri, ucheke kwanza kabla hujanitukana.

Mazishi yako yalifana. Nilifanya kazi ya utani mpaka nikatoka jasho. Nilivaa koti lako la kijivu, lile la mifuko iliyochanika, nikatembea mbele ya watu kwa mwendo wako wa bata aliyekanyaga moto. Nikakohoa kikohozi chako. Nikamwomba kila mtu ugoro kwa ile sauti yako ya kubembeleza. Watu waliokuwa hawajatia kitu tumboni tangu ulipokata roho walicheka wakashika mbavu. Jeneza lilipofika nikarukia kaburini, nikajilaza, nikasema kwa sauti yako, "Nyumba yenyewe finyu hivi, siingii mpaka niletewe kuku!" Mkeo, Shemeji Maria, akaleta kuku, machozi na kicheko vinagombania uso wake. Akaniambia, "Mtani, koti chukua, umelifanyia kazi." Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyenung'unika. Mtani halii msibani. Sikulia.

Sasa mabaya.

Kamati ya boti uliianzisha wewe, baada ya masika yale maji yalipomeza bonde tukamvusha mke wa Nikolausi kutoka mashamba ya ng'ambo kwa mtumbwi. Uchungu umemshika, mvua inapiga, wazee wawili tunasukuma upondo na kupokezana Salamu Maria. Mama alipona, mtoto hakupona. Uliposhuka ulisimama kwenye tope ukasema, "Boti ya injini. Nitaandika mpaka ipatikane." Nami nikakuambia utaandika mpaka uote mizizi.

Na kweli uliandika. Kwanza kwa kalamu. Halafu ofisi ya maendeleo ya parokia pale mjini Ifakara ikapata kompyuta, na Dada Eufrasia, karani, akakufungulia sanduku la imeili lenye jina lako. Nilikuwa nakusubiri mlangoni na baiskeli, nikikutazama unavyodonoa kwa kidole kimoja kama kuku aliyeshiba. Mchana mzima, barua moja! Kwa Mama Birgit, yule nesi aliyekaa nasi miaka ile kabla hajarudi kwao Ulaya, ulianza na goti la mumewe. Kwa yule fundi wa reli uliyefanya naye kazi zamani ulianza na mbwa wake, eti anaendeleaje na upele. Boti ilikuja mwishoni kabisa, sentensi mbili, kama kitu ulichokikumbuka ukiwa umeshashika mlango. Nikakutania, "Wewe unapika wali punje mojamoja." Ukanijibu bila kugeuka, "Wananijua, Aloisi. Ndiyo maana wanafungua." Nikaona ni maringo ya Kingoni.

Kumbe Mama Birgit na wenzake walikuwa wameshaanza kuchangishana kwa ajili ya injini. Ukafa wakati huo, kama kawaida yako ya kuondoka kazi ikiwa nusu.

Baada ya arobaini kamati ikanichagua mimi kuandika. Darasa la nne mimi, lakini miwani ninayo, na wenzangu wanashikia gazeti kwenye kisogo cha jirani ndipo walione. Nikaenda kwa Eufrasia. Binti yule anajua adabu. Akaniamkia, akanipa kiti, akaniambia, "Babu, hili sanduku bado lina jina la marehemu. Tulifunge, nikufungulie la kwako." Nikamwambia aliache. Nikamwambia mimi ni mtani wake, koti lake nimevaa, sauti yake nimevaa, jina litanishinda nini? Akasema, "Babu, kule barua zinakosomwa hawajui utani." Nikacheka. Nikamwambia watajifunza.

Halafu mama yake akaugua huko Mahenge, akapewa ruhusa ya kwenda kumuuguza. Kabla hajaondoka nilimbembeleza anionyeshe namna ya kupeleka barua moja kwa watu wengi kwa mpigo. Akanionyesha, shingo upande. Basi, Kaspari, mlevi amepewa funguo za kilabu.

Nilichukua majina yako yote. Nikaona hayatoshi. Nikaenda nyumba ya wageni ya masista nikanakili anwani zote za kitabu cha wageni, watu waliolala siku moja wakapanda treni kwenda Mlimba, hawajui Katindiuka iko mkono upi. Nikachukua za kwenye kalenda, za kwenye maboksi ya dawa. Nikaandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu mtu akiwa ng'ambo ya mto humwiti kwa kunong'ona. HARAKA SANA. MSAADA WA BOTI. Na alama za mshangao, nikazipanga kama nguzo za uzio. Nikachanganya Kiswahili na Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikapeleka. Kile kidude cha simu kinachopeleka barua kikalia kama kanga aliyebanwa mlangoni, nikafurahi kweli. Kesho yake nikapeleka ileile, maana hakuna aliyejibu. Na kesho yake tena. Redio nayo inarudia tangazo la sabuni kila siku, na sabuni tunanunua, si ndiyo?

Wiki ya pili nikaona niongeze chumvi. Shika moyo, mtani. Niliandika hivi, kwa jina lako: "Mimi Kaspari nawasalimu kutoka kaburini. Huku ni baridi na maji yanaingia. Leteni boti haraka nivuke."

Msibani ningesema hivyo, watu wangegaragara. Wewe mwenyewe ungegonga jeneza. Nilibonyeza nikarudi nyumbani nacheka peke yangu juu ya baiskeli, nusura niingie kwenye mfereji.

Eufrasia aliporudi kutoka Mahenge alifungua kompyuta, akaanza kusoma. Barua zangu zilikuwa zimerudi kwa mafungu, zimekataliwa. Wale wa Dar wanaotupitishia imeili walikuwa wameandika kwa ukali kwamba watu wamelalamika, na kwamba mashine za huko Ulaya sasa zinakataa chochote kinachotoka kwetu. Chochote, Kaspari! Sista wa zahanati alikuwa ameagiza dawa kwa kompyuta hiyohiyo, akakaa anangoja jibu, anangoja, mpaka akapanda treni mwenyewe kwenda Dar kuuliza. Nilikutana naye stesheni na mkoba wake, akaniambia, "Mzee Aloisi, niombee safari njema," na mimi nikamwombea, sijui kwamba mimi ndiye niliyemsafirisha.

Eufrasia hakunifokea. Afadhali angefoka. Alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Babu, kule kila mtu ana kapu la takataka ndani ya kompyuta yake. Barua inayopiga kelele, inayokwenda kwa watu mia bila kumwita hata mmoja jina, inayorudi ileile kila siku, wanaitupa humo bila kuisoma. Na wakishakuzoea hivyo, hata siku ukiandika kwamba mtu anakufa maji, nayo inaingia kapuni." Nikamwuliza kama kapu hilo lina mfuniko. Nilitaka acheke. Hakucheka.

Katika zote hizo lilikuwepo jibu moja. La Mama Birgit, kwa Kiswahili chake kilekile cha kuchechemea. Limeniingia kichwani, halitoki: "Kaspari nimemlilia mwezi uliopita, padre aliniandikia mstari mmoja tu. Sasa nani anaandika na mdomo wake? Si kitu cha kucheka. Wenzangu wanauliza kama boti nayo ni uongo. Niambie alikufa namna gani."

Wenzake wakasimamisha michango. Boti, Kaspari. Ile uliyoidonoa punje mojamoja.

Habari haikai ofisini, unaujua mji wetu. Ikafika kwa Shemeji Maria kabla yangu. Nilimkuta uani anapepeta mchele, nimevaa koti. Nikaanza mzaha, nikamwambia, "Mjane wangu, mbona umenuna kama mpunga ulioota mvi?" Hakuinua uso. Akasema, "Shemeji, nirudishie koti. Nilikupa la msibani. Msiba umekwisha, wewe bado unalivaa." Tangu nizaliwe sijasikia mtani akidaiwa alichopewa kaburini. Nikalivua palepale, nikabaki na singilendi yangu yenye matundu, majirani wanatazama. Akalipokea kwa ncha za vidole, akalianika kwenye kamba juani, kama nguo iliyotoka kwa mgonjwa. Hakuniita mtani. Mpaka leo hajaniita.

Nikarudi kwa Eufrasia nikamwambia, nifundishe upya, nichape ukitaka. Kwanza alifunga sanduku lako. Nilitazama pembeni wakati anafunga. Akanifungulia la kwangu, Aloisi, jina limekaa pale juu linanitazama kama polisi. Tukafuta zile anwani za masista na za maboksi, watu ambao hawakutuomba habari zetu. Zilizokuwa zinarudi tukazifuta pia, maana alisema kubisha hodi kila siku kwenye nyumba isiyo na mtu kunatufanya tuonekane wezi. Tukabaki na wale waliowahi kukujibu wewe. Wachache, wanaenea kwenye benchi moja la kilabu.

Akasema tuanze na hao, mmoja mmoja, kwa jina lake, herufi za kawaida. Juu ya barua tuandike kilichomo ndani kweli, si kelele. Asiyetaka atuambie, na tusimwandikie tena. Na tuwaombe wajibu hata neno moja, ili mashine zao zituzoee pia. Wale wa Dar nao akawaandikia kuwaomba radhi na kuwaeleza tulivyosafisha. Wakakubali kutupitisha tena, kidogokidogo, kwa kutuchungulia. Barua za Sista zimeanza kufika.

Unaona? Yote aliyonifundisha, ndiyo yale uliyokuwa unafanya huku mimi nakucheka mlangoni. Usitabasamu. Nasema usitabasamu!

Yule fundi wa reli nilimwandikia nikamwomba msamaha, nikauliza upele wa mbwa. Akajibu: mbwa amekufa, yeye yuko hai, amefurahi kunifahamu. Wengine wawili wamejibu kwa neno moja. Lakini Mama Birgit nilishindwa. Kila nilipokaa, mkono ulitaka kuleta kichekesho. Alikuwa ameniuliza kitu kimoja tu, na mimi kwa kile kitu kimoja sina mzaha wowote.

Ijumaa nimeandika. Juu kabisa, pale pa kueleza barua inahusu nini, Eufrasia aliniuliza niweke nini. Nikadonoa mwenyewe: Kaspari amekufa. Maneno mawili, Mngoni, na yalinichukua muda kuliko barua zako zote. Nilikuwa sijawahi kuyaandika popote. Msibani nilikuwa wewe, ofisini nilikuwa wewe. Nani angeyaandika?

Halafu nikamweleza. Kwamba kifua kilikubana, kwamba hospitali walijitahidi. Kwamba asubuhi ile uliniomba nikunyoe ndevu, ukisema hutaki kukutana na watu wapya ukiwa kama nguruwe pori. Nilikukata kidogo pale kidevuni. Ukaniambia, "Muuaji wewe," ukacheka kwa pua, ukafumba macho. Nikaendelea kunyoa shavu la pili. Nilimaliza, nikakupangusa, nikakuambia amka ujitazame kwenye kioo.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata Shemeji. Nilimwambia Mama Birgit, kwa herufi ndogo. Boti sikuitaja. Mwisho nikaweka jina langu.

Nikalia, mtani. Nimevunja desturi mbele ya binti wa watu. Eufrasia akanipa kitambaa, akavuta kile kibao cha vibonyezo mbali nami, akasema, "Babu, kompyuta haipendi maji." Nilicheka na kamasi. Akaniachia nibonyeze mwenyewe.

Jana nilikwenda kuuliza. Hajajibu. Lakini Eufrasia amesema iliyokataliwa hurudi mara moja, na hii haijarudi. Kwa hiyo imefika mahali, iko wazi au kapuni, sijui. Masika yanakaribia na watu wameshaanza kuhamia mashamba ya ng'ambo. Nimechonga upondo mpya, Nikolausi amesema atashika mwingine. Nikivuka aibu hii, nitaandika tena habari za boti, kwa aliye tayari kusikia.

Kwaheri, Kaspari. Kesho nitapita njia ya kaburini, nisikie utakalosema. Sitakusemea tena, si kwa mjane wako, si kwa Wazungu, si kwa mzaha. Na siku yangu ikifika, nikibisha huko uliko wakauliza nani, nitasema Aloisi Mpogoro wa Katindiuka, ingawa najua nikitaja jina lako watafungua upesi zaidi.

Ni mimi,
Aloisi