Nilimbakizia Mama Yesu Peke Yake

Bi Celeste mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimebanwa kotekote na wa kumweleza sina. Mama yangu Bi Jandira ni mgonjwa, figo zimekataa, namuuguza hapa kwangu Caxias, na yeye tangu nizaliwe ni kiongozi wa nyumba ya Umbanda, dini ya miungu ya mababu, mimi nimeokoka na naimba kwaya, na siku zote tumevumiliana, yeye na madhabahu yake kando ya kitanda, mimi na Biblia yangu jikoni. Sasa mchungaji kasema Jumapili anakuja kumwombea na hataki kuona sanamu, basi mama alipopitiwa na usingizi nikamtia guniani Mtakatifu Jorge na farasi wake, ambaye yeye humwita Ogum, nikamtia na Bikira Maria, ambaye kwake ni Oxum, nikawaweka uani penye karo la kufulia, nikamwacha Yesu tu, kwa sababu Yesu ni Yesu jamani, nikadhani nimewaridhisha wote wawili.

Mama alipoamka akatazama, akasema, "Wee Lucimar! Umemwacha Oxalá, umewafukuza wanawe. Baba gani atabaki hapo anakunywa kahawa?" Akageukia ukutani, na tangu hapo hali kitu, hata uji wa mahindi meupe anaoula kila Ijumaa. Nikampigia mchungaji, naye akasema hata huyo aliyebaki mtoe, huyo si Yesu wetu. Bi Celeste, ni yuleyule, nilimnunua mwenyewe dukani kwa mapadri! Nikiwarudisha wenzake nafukuzwa kwaya na pengine mbinguni, nisipowarudisha mama atakufa amenipa mgongo. Naogopa, nifanye nini?

Lucimar

Lucimar, pole sana, kuuguza mzazi si mchezo. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mgonjwa kalala, wewe unapekua madhabahu yake! Ungemwambia yuko macho, angekutukana, mngeyamaliza.

Unataka nikwambie Yesu wa mama yako ni nani. Funguo za mbinguni sina, na mchungaji wako sijamwona nazo kiunoni. Ninachojua, mababu wa mama yako wakiwa watumwa walikatazwa miungu yao kwa mijeledi, wakaificha nyuma ya watakatifu wa mabwana zao, na wajukuu wamepiga magoti hapo mpaka leo hakuna tena mbele wala nyuma. Kwake Yesu ndiye Oxalá, na hao wengine ni watoto wake. Hajamwibia mtu. Wewe ulidhani unamwachia aliye bora, kumbe umeivunja nyumba nzima.

Gunia lirudi ndani leo. Kama imani yako inakukataza kuwagusa, ita mmoja wa wafuasi wake awafute vumbi na kuwapanga anavyojua. Mchungaji akija, mpe kiti sebuleni, aombe hapo hapo, Mungu si kiziwi. Akikutoa kwaya, nenda kamwimbie mama yako. Kwaya utapata nyingine.

Wala sikudanganyi, huenda asigeuke. Umemuumiza, na wazee kama yeye wana kiburi chao. Basi usimlilie mgongoni. Sogeza kitanda, pita upande wa ukutani, keti hapo na bakuli la uji.