Programu ya Pampu Imehama

Likasi, Novemba 1994

Yaya Germain, kaka yangu mpendwa,

Habari za Mwene-Ditu? Mkeo, Yaya Martine, amepona malaria? Watoto wamezoea shule mpya? Huku tunaishi hivyo hivyo. Mvua imewahi, umeme unakatika kila siku. Tangu mfukuzwe huku na kupandishwa treni mwaka jana pamoja na Wakasai wengine, eti mrudi kwenu Kasai, nyumba yenu imeingiwa na watu tusiowajua. Pazia la Martine bado liko dirishani.

Yaya, ile mashine kubwa uliyonifundishia kazi imekufa. Umeme ulikatika ikiwa kazini, diski ikaharibika. Programu yako ya pampu za mgodi haiwezi kwenda kwenye mashine nyingine, maana uliiandika kwa asembla, lugha ya mashine ile peke yake, na kila hatua iliutegemea mfumo wake endeshi. Nilipokusihi tutumie C, lugha ambayo watu huandikia hata mifumo endeshi ili iweze kuhama, ulicheka: “Angèle, weye unapenda kuhama. Minye niko na mashine moja, inanitosha.”

Direkta alisema hakuna mwingine anayeiweza kazi ile, akawaandikia wakubwa akiomba urudishwe. Nilifurahi hadi nikalia. Tukangoja jibu, huku pampu zikiwashwa na kuzimwa kwa mkono. Kisha mvua ikazidi, mlinzi wa pampu akachelewa, maji yakawakuta watu chini. Wote walitoka, lakini shemeji yangu Fidèle alitolewa amezimia, na mpaka leo anakohoa.

Hapo sikuweza kungoja tena. Nilichukua karatasi tulizochapa zamani, nikaiandika programu yako upya kwa C kwenye kompyuta ndogo ya ofisi. Kila nilipokwama nilijiuliza wewe ungefanyaje. Pampu zikaitika. Watu walipiga makofi, nami nikatoka nje.

Yaya, lililonikawiza kukuandikia ni hili. Direkta alipoona pampu zinakwenda, aliliondoa lile ombi. Alisema hana sababu tena ya kugombana na wakubwa kwa ajili ya Mukasai mmoja. Nami nilijua atasema hivyo. Nilijua kabla ya mstari wa kwanza, nikaandika.

Nisalimie Martine, uwakumbatie watoto. Ukiwa na hasira, iandike yote, nitaisoma. Ila usininyamazie.

Mdogo wako wa kazini,
Angèle Kabamba