Matofali Niliyobeba Mimi

Ulemo

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku tu wazima. Mjomba wako amemaliza kuvuna alizeti. Mimi goti linauma, ila kukaa siwezi.

Umeuliza, kwa ajili ya utafiti wako, nini kinawafanya watu wajitolee. Swali hilo limeninyima raha tangu juzi.

Tulipojenga darasa la kwanza hapa kijijini, nilibeba matofali kichwani siku tatu. Nilihesabu mwenyewe: mia mbili na kumi na mbili. Kwenye mkutano mwenyekiti akasoma, "Kaya ya Yohana, mia mbili na kumi na mbili." Babu yako, ambaye hakugusa hata moja, akasimama akapigiwa makofi! Waliandika wakuu wa kaya tu. Nikaapa sirudi.

Kesho yake jirani yangu Mama Elia akapita na wenzake.

"Wewe, utanuna mpaka lini? Ukuta umefika kiunoni."

"Mwiteni Yohana."

"Yohana tofali litamvunja shingo. Twende!"

Nikacheka, nikachukua ngata yangu. Sikwenda kwa wema, Neema. Nilikwenda kwa sababu wale wanawake walijua hesabu yangu, na nisipokuwepo wanaona pengo. Zaidi ya hapo sijui.

Lakini mpaka leo naudhika. Ukija na madodoso yako, usianze kuuliza mkuu wa kaya ni nani. Uliza nani alibeba, kisha andika jina lake.

Bibi yako,
Tabitha