Sufu Isiyooshwa na Gunia Moja la Maharagwe

Gorna Lipa,
12 Oktoba

Baba mpendwa,

Ninadai, na nitalithibitisha dai hili kabla karatasi haijaniishia, kwamba shamba la maharagwe linaweza kulindwa dhidi ya kulungu, konokono na vidukari bila chembe ya sumu, bila risasi, na bila uzio wa kununua. Nimelitanguliza dai mbele ya salamu kwa sababu nawe hulitanguliza lako kila upigapo simu. Sasa nirudi kwenye adabu. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hispania, mgongo umekupa nafuu, na joto la vile vibanda vya plastiki unamovuna nyanya limeanza kupungua. Sisi huku hatujambo. Umande umeanza kuganda asubuhi, paka wako amenenepa kupita kiasi, na kila apitaye langoni hunituma nikusalimu, hata wale ambao tangu Sikukuu ya Mtakatifu Georgi wanatutazama mimi na wewe kama majogoo waliotiwa uwanja mmoja.

Sikukuu ile ndiyo chanzo cha barua hii. Ulikuwa nyumbani kwa siku nne. Mwana-kondoo wa sadaka alikuwa amekwisha kugawanywa, supu imemiminwa, kijiji kizima kimekaa kwenye meza ndefu nje ya kanisa, nawe ukasimama na glasi yako mkononi. Ulisema ati shamba la juu, alilolilima marehemu mama hadi mwaka wake wa mwisho, limegeuka hoteli ya kulungu. Kwamba bila sumu haitoki humo hata punje. Na kwamba yule bwana wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya wawindaji ameshaandika mkataba, nawe utautia saini Siku ya Mtakatifu Dimitri. Niliinuka kukupinga. Nilitaja vitabu vitatu na ripoti moja ya utafiti. Uliniacha nimalize, kisha ukawauliza watu kama yupo aliyewahi kumwona kulungu anayesoma. Walicheka hadi padri akapaliwa. Ukaongeza, na hapa nanukuu neno kwa neno kwa kuwa mashahidi wako hai: “Haya, Daktari wa Majani! Nitolee gunia moja tu la maharagwe ya mama yako, bila sumu, nami nitauchana mkataba mbele ya hawa hawa.”

Nilikubali kwa haraka ya mtu ambaye hajawahi kulijaza gunia.

Ulipoondoka nilipanda mbegu zote za mama, zile nyeupe zenye doa la zambarau ambazo hazipatikani katika duka lolote. Mistari kumi na minne. Sikubakiza hata kiganja, maana niliona kuweka akiba ni kukiri kwamba naweza kushindwa. Wiki ya mwisho ya Mei kulungu wakashuka. Walianza na mstari wa kwanza kutoka msituni, wakakata vikonyo kimoja baada ya kingine kwa utulivu wa watu waliolipia.

Nilifanya kama vitabu vilivyoelekeza. Nilitundika vipande vya sabuni ya mafuta ya nguruwe kwenye miti ya maharagwe kutambalia. Panya wa shamba waliila yote. Nilimwomba kinyozi nywele za wateja wake nikazitawanya mipakani. Ikanyesha mvua ya siku tatu, zikabaki matope yenye mvi. Kisha nikasoma kwamba mnyama huikimbia sauti asiyoitarajia. Hapo, Baba, nakuomba radhi, nilipanda darini nikazishusha kengele zako, zile unazojifunga kiunoni majira ya baridi yanapoisha, unapovaa ngozi na kinyago kwenda kufukuza pepo wabaya. Nilizifunga kwenye kamba nikaizungusha shamba lote. Upepo ukivuma, bonde zima lilikuwa likiitikia. Nilijiona mshindi.

Siku ya nne nikawakuta kulungu watano kati ya kengele, wanatafuna. Jirani yetu Bibi Zafira, mchungaji ambaye umri wake hakuna anayethubutu kuuhesabu, alikuwa ameegemea fimbo yake kando ya njia, machozi ya kicheko yanamtiririka. “We mtoto wa Stamen,” akaniita, “hawa wamezaliwa kengele zinalia! Wakisikia kengele za kondoo wangu wanajua mbwa mwitu hayupo na majani ni tele. Umewapigia ya chakula, mwanangu!” Nilimjibu kwa hoja. Nilimwambia kwamba mfano mmoja haubatilishi kanuni. Akasema kanuni yangu iko nyuma yangu na inaendelea kutafuna. Na kweli, niliposimama nikibishana naye, mstari wa nane ulikuwa unakwisha.

Ilibaki mistari sita. Kwa sababu ambayo nitaifikia, kuanzia katikati ya Juni niliacha kubishana nikawa mchungaji wa kondoo wa Bibi Zafira, kila siku, tangu alfajiri hadi jioni, na shamba nikalishughulikia katika saa zilizosalia. Huko malishoni ndiko nilikopata jambo ambalo halikuwamo katika vitabu vyangu. Kwenye ukingo wa msitu kuna miche ya miplamu mwitu ambayo kondoo hujikuna kwayo. Mche ulionasa sufu ulikuwa na ncha zake zote. Mche wa jirani, usio na sufu, umeng'atwa hadi kwenye kigogo. Nilihesabu miche sitini na miwili katika siku tisa, nikaandika kila mmoja katika daftari, nawe unajua jinsi ninavyoandika. Iliyokuwa na sufu na imeguswa ni minne tu.

Nilipomweleza Bibi Zafira ugunduzi wangu, aliniuliza kama chuoni walinifundisha pia kwamba maji yana unyevu. Mama yake, alisema, alikuwa akifunga sufu kwenye miche ya matunda kila vuli, na mama wa mama yake vivyo hivyo, mpaka siku sufu ilipokuwa mali ya kuuzwa kiwandani na hakuna aliyetaka kuipoteza mitini. Sasa kiwanda kimefungwa, sufu haina mnunuzi, watu wanaitupa bondeni, lakini desturi iliyoachwa haikukumbukwa. Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema hakuniona nikinyamaza hata mara moja ili apate nafasi.

Alinifungulia banda. Magunia kumi na tisa ya sufu ya miaka minne, haijaoshwa, ina mafuta na uvundo wa zizi. Huo uvundo ndio dawa, ukiifua, umeiua. Nilifunga vishungi kwenye kila mti wa kutambalia, kimo cha pua ya kulungu, nikatandaza nyingine ardhini kuzunguka mashina, kwa kuwa konokono wasio na nyumba hawapendi kutambaa juu ya nywele zinazokwaruza. Kila baada ya mvua kubwa niliongeza. Vidukari niliwanyunyizia maji ya upupu niliouloweka kwenye pipa siku kumi, yakanuka mpaka mleta barua akakataa kuvuka lango na Haralampi wa dukani akaniuzia mkate kwa kuninyooshea kwa ncha ya kisu.

Utaniuliza, kwa kuwa nakufahamu: kama kulungu haiogopi kengele ya kondoo, ataiogopaje sufu yake? Hoja nzuri, lakini imekosea mahali. Mimi sidai kwamba sufu inawatisha. Sauti ya mbali sikio huizoea. Mafuta ya mnyama mwingine mdomoni, juu ya jani analotaka kulimeza, hayazoeleki haraka. Hawakimbii. Wanafika, wananusa, wanapiga chafya, wanaenda kula kwingine. Na ili usiniite mtetezi wa upande mmoja, nakiri kwamba kwenye kona ya chemchemi, ambako nilifanya uvivu nikafunga sufu juu mno, walikula maharagwe ya miti miwili mizima.

Iliyobaki ilizaa. Tulipura wiki iliyopita. Gunia limejaa, na kikapu kimoja juu yake nimekitenga kuwa mbegu, kwa kuwa hilo nalo nimejifunza. Haralampi alikuja kwa niaba ya waliokuwepo mezani siku ile. Alilifungua gunia, akatia mkono hadi kwapani kutafuta majani makavu chini, akautoa na punje zenye doa la zambarau. Akasema, “Elitsa huyu hapa,” kwa jina la mama, akavua kofia.

Ningeweza kuishia hapa, Baba, nikiwa nimeshinda. Usiku wa kuamkia leo niliiandika barua hii mara ya kwanza ikaishia hapo, na ilikuwa nzuri. Lakini nilisema nitaifikia sababu iliyonifanya mchungaji.

Tarehe kumi na tatu Juni, mistari minane ilipokwisha kuliwa, nilipanda basi la asubuhi hadi mjini nikanunua sumu. Mimi niliyekubishia mbele ya padri. Niliichanganya na chumvi nikaiweka juu ya jiwe bapa lililo kando ya shamba, kwa kuwa niliwahi kuwaona kulungu wakililamba. Kila mtoto wa Gorna Lipa anajua jiwe lile ni la nini. Wachungaji wamewawekea kondoo chumvi pale tangu enzi zisizo na kumbukumbu, na kondoo hulijua kama mlango wa zizi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilijiambia kwamba kundi liko malisho ya juu hadi mwisho wa mwezi. Siku ya pili mvua ya mawe ikapiga huko juu, Bibi Zafira akalishusha kundi, na kondoo jike wa mbele, yule mwenye uso mweusi aliyekuwa akiwaongoza wenzake, akafika kwenye jiwe wa kwanza. Nilikimbia kutoka shambani nikiwafukuza waliobaki kwa mikono na kwa kelele. Yeye alikufa adhuhuri, mwanawe akiendelea kumsukuma chuchu.

Bibi Zafira alidhani amekula majani mabaya. Nililiosha jiwe, nikaifukia sumu iliyobaki ndani ya chupa yake, nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea nikamwambia. Yeye hakupiga kelele. Aliniuliza kulungu wangapi wamekufa. Nikasema hakuna. Akakaa kitako akimkuna yule mwana-kondoo shingoni, kisha akasema: “Kesho alfajiri uje na fimbo. Uliyemuua ndiye aliyekuwa akiongoza. Sasa utaongoza wewe, mpaka Mtakatifu Dimitri. Na huyu utamnywesha maziwa kwa chupa, usiniletee mtu mwingine wa kumnywesha.” Nimefanya hivyo. Mwana-kondoo amekua, ananifuata hadi dukani.

Basi dai langu limesimama, ila limesimama juu ya aibu yangu, na sitaki ulipokee bila kuiona. Sumu niliijaribu kwa mkono wangu. Haikuokoa hata jani moja, na aliyekufa alikuwa wetu.

Nina hoja moja ya mwisho, na hii haitoki kitabuni. Nyinyi nyote mlizungumza juu ya kulungu, nami pia. Lakini mwezi ule wa Mei nilikuona ukipanda njia ya shamba la juu asubuhi ya siku yako ya tatu. Ulifika hadi kwenye lango, ukashika komeo, ukageuka. Tangu tumzike mama hujaingia mle. Sidhani kwamba unauza kwa sababu ya kulungu, Baba. Kama nimekosea, nisahihishe. Nimekosea mengi mwaka huu, moja zaidi halitaniua. Lakini kama sijakosea, ujue kwamba mle ndani mna mtu sasa, na maharagwe ya mama yalipanda vilevile alivyoyapandisha yeye, mkono wa kulia kuuzunguka mti.

Bibi Zafira anakusalimu, na anasema ukija uje na mgongo mzima, kwa kuwa ana magunia mengine kumi na mawili ya sufu ya kubeba. Haralampi anakusalimu. Mimi nakutakia afya na usingizi mwema.

Lakini jibu silitaki kwa simu, wala kwa faragha. Ulisema mbele ya watu. Ujibu mbele ya watu. Nakala ya barua hii nimeibandika leo mlangoni mwa duka, pamoja na habari ya kondoo, ambayo sikuifuta hata neno. Haralampi ameacha pembeni yake nafasi ya karatasi moja na ameshapigilia misumari minne. Tuma mkataba, mzima au uliochanwa, na uandike juu yake kwa mkono wako ni kwa nini. Zimebaki siku kumi na nne hadi Mtakatifu Dimitri, na asubuhi hii tayari wamepita watu sita kuitazama ile nafasi.

Mwanao,
Velislav