Uzi Wako Kwenye Koti la Kahawia

Mpendwa mama,

Ungeliona kabati langu ungecheka. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natoka ofisini Kilimani nikienda kununua nguo, halafu Jumapili nasimama mbele yake nikilalamika kwamba sina cha kuvaa. Ulinikemea sana. Kwako, blauzi moja ikiingia nyumbani, nyingine sharti itoke, na nguo ya mtumba haikuvaliwa kabla hujaifumua.

Nakumbuka tukitoka sokoni Ngara na mfuko mmoja mwepesi, baada ya wewe kugeuza nguo za watu nje ndani asubuhi nzima na kuchagua mbili tu. Tukifika nyumbani Waithaka ulikaa kwenye kigoda na wembe wako, ukaondoa uzi wote wa zamani, hata wa vifungo, ukauzungusha kwenye njiti ya kiberiti na kuutia kwenye moto wa jiko. Ndipo ukazishona upya kwa cherehani yako.

"Mama, si wewe umeokoka?" nilikutania.

"Kuokoka haimaanishi nivae uzi ya watu. Kitambaa nimenunua. Hii uzi ilishonewa mtu."

Ulipofariki, shangazi waligawana nguo zako, nami nikaachiwa lile koti la kahawia ulilojishonea. Niliamua kuacha kununua nguo mpya, nirekebishe nilizo nazo, na nikaanza na koti. Nilikuwa na haraka ya kulivaa Jumatatu, kwa hiyo nililibana mbavuni tu. Mikono na upindo sikugusa. Uzi wako ukabaki humo. Nilijiambia kwamba wewe si mtu baki.

Siku hiyo ya kwanza niliingiza mkono mfukoni nikakuta risiti yangu ya chakula cha mchana imekunjwa mraba mdogo, vile ulivyozoea kukunja zako. Sikumbuki kuikunja. Ijumaa nikapita Ngara kwa Mama Achieng, aliyekuwa akikuuzia vifungo tangu nikiwa mdogo. Alinipa bahasha.

"Mpelekee mamako. Zile vifungo aliulizia zimefika. Si alipita hapa juzi na hiyo koti?"

Ulikuwa umetimiza miezi miwili kaburini. Na juzi hiyo koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyumbani kutwa nzima. Nilichukua vifungo nikaondoka.

Nyumbani, nilipoingia nimelivaa koti, baba, ambaye tangu mazishi alikuwa hataki hata chai, aliinua kichwa.

"Mama Wangari, leo umechelewa."

Alikuita wewe, na aliyesimama mlangoni ni mimi. Akala sahani mbili za githeri. Naona aibu kukuambia kwamba sikumsahihisha. Nilifurahi. Kuanzia hapo kila jioni nilivaa koti kabla ya kuingia, ili ale.

Wiki ya tatu nilimkuta ameoga, amenyoa ndevu, amevaa suti yake ya kanisani.

"Niko tayari," akasema. "Si umesema tunaenda Jumamosi?"

Nilikuwa sijafungua mdomo. Nikamwuliza tunaenda wapi.

"Huko kwako," akajibu, akinishangaa kwa kuuliza.

Niliogopa, mama. Nakupenda, lakini niliogopa. Ijumaa nilichukua wembe wako nikafumua koti lote, upindo, mikono na vifungo, nikauzungusha uzi kwenye njiti na kuuchoma. Uliungua polepole, ukinukia mafuta yako ya nywele. Kisha nikalishona kwa uzi wangu wa buluu. Mishono imepinda, utaniwia radhi.

Nilipoingia nalo baba alinitazama sana.

"Wangari, umefika," akasema. Wiki tatu sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake, na nililia. Kisha akachungulia nyuma yangu. "Na mamako umemwacha wapi?"

Jumamosi imepita na bado ninaye. Anakula kidogo, ananiita Wangari. Nakuomba umwache kwangu, mama, bado namhitaji. Leo ni Jumatano. Nimemsihi mara nyingi, lakini hajakubali kuvua ile suti.

Pumzika huko uliko, nami niache nipumzike.

Binti yako,
Wangari