Habari za Karani, Mbwa Uliyenipa

Nyumba za Reli, Changamwe
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, Baba, na Mama pia nampa shikamoo yake. Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa na nguvu, na kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachilia. Huku kwetu tu wazima. Nasema wazima nikijua ninachosema, kama utakavyosikia. Mvua zimeanza, mihogo ya mkazamwana wako Dorkasi imechipuka nyuma ya nyumba, nami niko stesheni bado, kazi ileile ya kugeuza njia za reli ili treni ya mizigo isiikute ya abiria iliyosimama.

Mkambe, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Soma polepole, wala usiruke. Nakujua, ukifika penye huzuni hujifanya mwandiko haueleweki. Mwandiko wangu unaeleweka vizuri.

Baba, Karani amekufa. Yule mbwa uliyenipa nilipokuja likizo mwaka ule vita vilipoisha. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa hupendi mtu akuzungushe. Sasa nataka nikueleze alivyoishi, kisha alivyokufa, maana wewe ulimjua akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, na sitaki umjue kwa kifo chake tu.

Jina la Karani sikumpa mimi. Mimi nilimwita Mshale. Lakini kila asubuhi alinifuata kazini, na badala ya kulala kivulini kama mbwa wengine, aliingia ofisini akaketi kando ya meza ya bwana stesheni, wima, akitazama makaratasi. Bwana stesheni wetu ni Mgoa, mtu mzima wa miwani, asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza alimfukuza kwa rula. Siku ya pili akamfukuza kwa mdomo. Siku ya tatu Mshale alikuwa amebaki nyumbani na mwiba mguuni, na yule bwana akaniita dirishani: "Mwakio, karani wangu yuko wapi leo?" Basi, jina likawa hilo, hata makuli wakilijua.

Dorkasi hakumtaka. Aliniambia siku ile ile nilipofika naye, "Mbwa ni wa nje na chakula ni cha ndani. Wasikutane." Haikupita mwezi nikamkuta akikwangua ukoko wa sufuria na kumwekea. "Huu ungetupwa tu," akasema. Baadaye vikawa vichwa vya samaki. "Hivi navyo vingetupwa." Mwisho nikaona samaki mzima, Baba, ana kichwa na mkia, na mimi nina mboga. Niliuliza kama samaki huyo naye angetupwa. Akaniambia nile ninyamaze.

Naye Karani alimlipa kwa njia yake. Hapa bomba la maji ni moja kwa nyumba zote, na wanawake hupanga madebe yao tangu alfajiri. Dorkasi akiweka debe lake, Karani hulala kando yake. Debe la mbele likisogea, yeye huinuka, hungoja Dorkasi aje alisogeze, kisha hulala tena. Mtu akijaribu kupenya, hambwekei. Humtazama tu. Kuna mama mmoja, mke wa dereva, aliyelalamika kwa nyapara kwamba mbwa amepewa zamu ya maji. Nyapara akamjibu kwamba akileta mbwa wake naye atampa zamu.

Na kanisani, Mkambe, hapa cheka kabla hujasoma. Karani hulala mlangoni, hakuna anayemsumbua. Jumapili moja mhubiri alitoka mbali, akahubiri mpaka kivuli cha mlango kikahama. Hapo Karani akainuka, akajinyosha mbele na nyuma, akapiga mwayo wenye sauti, ule wa kama mlango usiotiwa mafuta. Mhubiri akafunga Biblia taratibu, akasema, "Kuna mmoja amesema wazi mnayoyaficha. Tuombe." Sijawahi kuona watu wakiomba huku mabega yakitikisika namna ile.

Lazima nikutajie na jirani yetu, Bwana Omari. Ni fundi seremala wa reli, mwenyeji wa Likoni, Mwislamu asiyecheza na sala zake. Mbwa kwake ni najisi akimgusa na pua yake ya maji, nasi tunaliheshimu hilo. Lakini kila jioni akitoka kazini husimama hatua chache na kusema, "Karani, u hali gani?" Na Karani husimama papo hapo, hasogei hata hatua moja, hutikisa mkia mpaka Bwana Omari aingie kwake. Nani alimfundisha mpaka ule, sijui. Si mimi.

Ndivyo alivyokuwa. Sasa sikia yaliyompata.

Ilikuwa wiki iliyofuata Pasaka, saa sita ya mchana. Alikuwa ameketi mahali pake ofisini. Bwana stesheni akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake. Nilimkuta Karani amelala ubavu, miguu inapiga kama anakimbia, meno yamekazana, povu linamtoka. Ikachukua muda wa kuhesabu pumzi zako ukipanda kilima. Kisha ikamwacha. Akaamka, akaanza kuzunguka upande wa kushoto, akizunguka tu, mpaka akafika ukutani, akaegemeza paji la uso wake kwenye ukuta akakaa hivyo. Nilimwita. Hakugeuka. Baba, aligeuka nilipomwita mara ya tatu, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Kesho yake Dorkasi alipomwekea chakula, akamngurumia. Nilikwenda kumshika shingo nimsogeze, nami nilikuwa nimemshika hivyo mara elfu. Akaniuma mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada, akazamisha meno. Kisha akaachia, akarudi nyuma na kujikunja, akitetemeka. Alikuwa na hofu kuliko mimi.

Neno la kichaa cha mbwa lilienea kabla sijamaliza kuosha damu. Milango ikafungwa. Madebe yakaondolewa bombani. Nyapara alikuja na kusimama mbali akasema, "Mwakio, nimetuma mtu aite askari mwenye bunduki. Usinilaumu." Nikamwambia simlaumu, ila angoje nirudi kutoka hospitali. Akasema atangoja mpaka saa kumi.

Daktari aliniambia mambo mawili. La kwanza, nichomwe sindano za tumbo, kila siku, nianze palepale. La pili, mbwa kama anaweza kufungiwa mahali madhubuti, afungiwe siku kumi atazamwe. Kama ni kichaa, atakufa upesi na dalili zitajionyesha. Nikamwomba aandike hilo kwenye karatasi. Nilipofika na karatasi, askari alikuwa amekwisha fika, ameegemea ukuta na bunduki yake. Akaisoma, akasema, "Nyumba ya kumfungia iko wapi?"

Sikuwa na nyumba. Ndipo Bwana Omari akatoka kwake na msumeno.

"Nipeni muda wa chai moja," akasema.

Alitengeneza kizimba kwa mbao za makasha ya mizigo, zenye maandishi ya herufi kubwa ubavuni, akaacha tundu la sahani chini na dirisha la mwanga juu. Nikamuuliza kama hataona vibaya kwa ajili ya dini yake. Akanijibu, "Mbwa simshiki, Mwakio. Mbao nazishika. Na huyu wamwona mwenyewe, yuwaumwa, si muovu."

Basi tukangoja. Kila asubuhi nilishika gari mpaka mjini kuchomwa, nikarudi kazini mchana. Tumbo langu lilivimba na kuwa gumu, siwezi kufunga mkanda, siwezi kucheka wala kukohoa. Dorkasi akanitazama nikijaribu kuinuka kitini kwa mikono miwili, akasema, "Sasa umejua kidogo wanayoyajua wanawake." Nikacheka, nikaumia, nikamwomba asinichekeshe. Hakuacha. Nadhani alinichekesha ili yeye mwenyewe asiwaze, maana aliwaza sana. Tulijua wote wawili kwamba kama ni kichaa, na kama sindano zimechelewa, hakuna dawa.

Msaidizi wa daktari wa ng'ombe, Mkamba mmoja mpole, alikuja kila siku ya pili kumtazama Karani dirishani. Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Maji anakunywa. Hilo ni jema. Lakini siwezi kukuapia."

Siku ya sita nilirudi kutoka mjini nikakuta mlango wa kizimba uko wazi. Dorkasi ameketi chini, na kichwa cha Karani kimelala juu ya magoti yake. Anamtoa kupe, mmoja mmoja, na kuwaponda kwa jiwe.

Nilimwambia kwa ukali, "Umefanya nini?"

"Aliniita," akasema.

"Mbwa haiti."

"Wewe hukuwepo. Amenijua, Mwakio. Njoo uone."

Niliogopa, Baba, sikufichi. Nilichutama hatua tatu mbali. Karani akainua macho, na alikuwa yeye. Mkia ukapiga ardhi mara moja, mara mbili. Tulikaa hivyo, sisi watatu, mpaka mwili wake ulipoanza kukaza tena. Dorkasi akatoka mwenyewe na kufunga mlango, wala sikumgombeza tena.

Siku ya nane, asubuhi watu wakinywa chai, alikufa. Nilikuwa hapo. Nilipitisha mkono katika tundu la sahani, mkono huu huu ulioumwa, akauwekea kidevu. Hakupigwa na degedege safari hiyo. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine, kisha hakuvuta.

Msaidizi yule akachukua kichwa kipelekwe Nairobi kupimwa. Mkambe, hapo usiruke, Baba ni mwindaji, anaelewa. Kiwiliwili tulikizika nyuma ya stesheni. Bwana Omari alichimba shimo peke yake, kanzu ameikunja kiunoni, akakataa nimsaidie kwa sababu ya tumbo langu. Nilidhani tutakuwa wanne. Wakaja watu wa nyumba zote, hata wale waliofunga milango, hata mke wa dereva na kisa chake cha maji. Yeye ndiye aliyeanza kukisimulia. Makuli wakaongeza yao, ya siku Karani alipompokea mkubwa wa reli, akamtangulia mpaka ofisini, akaketi kabla ya mgeni kuketi. Bwana stesheni alivua miwani akaifuta, akasema kwa Kiswahili chake kwamba katika miaka yake yote hajapata karani mwingine asiyemwibia wino. Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi niliona haya kucheka juu ya kaburi bichi, kisha nikacheka kuliko wote, nikishikilia tumbo langu kwa mikono.

Majibu kutoka Nairobi yalichukua siku nyingi. Nilisomewa na daktari mwenyewe. Si kichaa. Ndani ya kichwa mlikuwa na uvimbe, mkubwa kama punje ya korosho, umekandamiza ubongo. Ndio uliomwangusha, ndio uliomsahaulisha nyuso zetu. Mkono wangu haukuwa na kitu ila meno ya mgonjwa. Daktari akasema sindano basi, niende nyumbani.

Nilitembea toka stesheni hadi nyumbani nikitafuta namna ya kumwambia Dorkasi. Nilipomwona mlangoni, nikainua shati langu na kupiga tumbo. Akaelewa. Alipiga vigelegele vikafika bombani. Siku ile alipika wali wa nazi na kuku wawili, akakaribisha kila mtu, na Bwana Omari akaja na jogoo aliyemchinja mwenyewe ili apate kula na sisi bila wasiwasi. Tulikula uani mpaka mvua ikatufukuza, tukaingia sote katika chumba kimoja, sahani mikononi, tukaendelea.

Sasa Baba, kuna jambo lililonikaa moyoni. Ulitufundisha kwamba mbwa wako akiharibika, usimwachie mtu mwingine, mmalize mwenyewe. Ulifanya hivyo kwa yule wako wa kuwindia, nami nilikuwepo. Mimi sikuweza. Bunduki ilikuwepo, ruhusa ilikuwepo, nikaomba siku. Hakuteseka kila siku, lakini siku nyingine aliteseka. Nimelitazama kila upande, na naona ningefanya vilevile tena. Saa ile moja ya siku ya sita singemnyima, wala singemnyima Dorkasi. Kama nilikosea, niambie wazi, nitapokea.

Nisalimie Mama, na shangazi mpika chumvi ya majivu, na mjomba mwenye mizinga, mwambie asali yake ilifika haijamwagika. Msalimie mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kushika kalamu, na shemeji zangu wote kisimani. Mkambe, wewe nakushukuru kwa macho yako. Mungu awalinde huko juu kwenye ukungu wenu, nasi huku kwenye joto letu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mwakio

Baba mkwe, shikamoo. Ni mimi Dorkasi, nimemwomba kalamu. Mume wangu amekuandikia yote ila moja: alilia. Alikwenda kulia nyuma ya bomba akidhani sioni. Nakwambia kwa kuwa najua hutamcheka. Krismasi tunakuja, Mungu akipenda, nami nitakuona kwa macho. Kama mama yake Karani bado yu hai hapo nyumbani, tafadhali mkatie kipande cha nyama, kizuri, kisicho na mfupa, umpe kwa mkono wako. Mwambie kimetoka kwangu.